Vizuizi vya Kujitengenezea vya Kukinga Vibanzi Unaposaga Kisiki: Mwongozo Kamili

Mashine ya kusaga visiki haikati kisiki, inakitafuna. Gurudumu lake lina meno yenye ncha za kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma cha kawaida), na kila jino linapopita hung'oa kipande na kukirusha. Chukua gurudumu la kipenyo cha sentimita 30 linalozunguka mara 2,000 kwa dakika: ncha ya jino inakwenda karibu mita 31 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Kibanzi cha mti kikirushwa kwa kasi hiyo hakifiki mbali, kwa sababu ni chepesi na hewa hukipunguza mwendo upesi. Jiwe dogo halipunguzwi kiasi hicho. Linafika dirishani likiwa bado na nguvu zake.

Kwa hiyo kizuizi kina kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kukusanya vibanzi vingi vyepesi visitapakae uwanja mzima. Ya pili ni kupokea kitu kimoja kizito ambacho huenda kisitokee kabisa siku hiyo. Watu wengi hujenga kwa ajili ya kazi ya kwanza, kisha hutegemea kile kile kwa ya pili. Hapa tutajenga kwa ajili ya zote mbili, na utaona kwamba jibu si kizuizi kirefu na kigumu. Ni kifupi, kilichozibwa vizuri chini, na chenye kitu laini upande unaotazama kisiki.

Jambo moja liwe wazi kabla ya kushika msumeno: kizuizi hakimpi mtu ruhusa ya kusogea. Vitabu vya mashine hizi kwa kawaida hutaka watazamaji wakae mita 15 au zaidi. Fuata umbali ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine yako, kizuizi kiwepo kisiwepo. Watoto na wanyama wafungiwe ndani.

Jua kwanza takataka zinaelekea wapi

Katika mashine nyingi za kusukuma kwa mikono, meno ya mbele ya gurudumu hushuka na yale ya chini huelekea nyuma, kwa mwendeshaji. Ndiyo maana kuna pazia la mpira kati ya gurudumu na miguu yako. Sehemu kubwa ya vibanzi hupita chini ya mashine kuelekea nyuma, na vingine hutoka pembeni kila unapolipeleka gurudumu kushoto na kulia. Baadhi hugonga ukingo wa shimo na kurudi mbele au kuruka juu. Mashine kubwa zinazojiendesha zina mpangilio wao, kwa hiyo angalia mshale wa mzunguko kwenye kifuniko cha gurudumu badala ya kukisia.

Hapa ndipo penye ushauri ninaouthamini kuliko paneli yoyote: geuza mashine. Kisiki kinaweza kushambuliwa kutoka pande nyingi. Ukisimama ukiwa umeyapa mgongo madirisha, unayaweka kwenye njia kuu ya takataka. Ukizunguka upande wa pili, njia kuu inaelekea kwenye nyasi tupu, na kizuizi kinabaki na kazi ndogo ya kushughulikia mabaki ya pembeni na ya mbele. Chora duara ardhini kwa fimbo, weka alama mahali pa kisiki, onyesha kila kitu kinachoweza kuvunjika, halafu uchague mahali pa kusimama. Dakika tano za kazi hii zinaweza kukuokolea paneli mbili.

Gari lisogezwe. Usipoteze plaiwudi kulikinga gari lenye magurudumu.

Kumbuka pia kwamba hatari haiko sawa kazi nzima. Gurudumu likiwa juu ya kisiki, hakuna kinachozuia vibanzi, na ndipo vinaporuka mbali zaidi. Likishazama chini ya usawa wa ardhi, kuta za shimo na rundo la vibanzi vyenyewe hupokea sehemu kubwa. Kwa sababu hiyo, kisiki kirefu kikatwe kwanza kwa msumeno wa mnyororo kadiri kinavyoweza kushuka, ukibakiza sentimita chache juu ya udongo ili mnyororo usiguse mchanga na kuwa butu. Kila sentimita unayoiondoa kwa msumeno ni sentimita ambayo gurudumu halitairusha.

Vifaa: kipi kinafaa, kipi kinadanganya

Plaiwudi ya milimita 12 ndiyo uti wa mgongo wa kazi hii. Shiti nzima ya mita 1.22 kwa 2.44 ina uzito wa kilo 20 hivi, nayo inamsumbua mtu mmoja, hasa upepo ukivuma. Ikate katikati upate vipande viwili vya karibu mita 1.2 kwa 1.2. Kila kimoja kina kilo 10, na mtu mmoja anakibeba bila kuita jirani. Milimita 9 pia inafaa kwa pande ambazo hazitazami njia kuu.

Tatizo la plaiwudi ikiwa peke yake ni kwamba inarudisha. Jiwe likiigonga linadunda, na linaweza kudunda kuelekea kwako. Dawa yake ni kuning'iniza kitu kizito na kilegevu mbele yake: zulia kuukuu lenye mgongo mgumu, mkeka mnene wa mpira, au kipande cha mkanda wa mpira uliotumika kiwandani. Kitu kinachoning'inia hunyonya nguvu kwa kusogea nyuma, kama nyavu za goli zinavyoupokea mpira. Zulia lenye nyuzi ndefu zinazochomoka liache. Uzi mrefu ukikutana na gurudumu haukatiki kirahisi, hujisokota.

Turubai la plastiki ni zuri la kutandika chini na baya la kusimamisha wima karibu na mashine. Linashika upepo, linapiga-piga, na likigusa bomba la moshi linayeyuka. Wavu wa kivuli, ule unaofunikia vitalu vya miche, hukamata vibanzi vyepesi vizuri sana na kuruhusu upepo kupita, lakini usiuhesabu kama kinga ya mawe. Waya wa ua wenye matundu makubwa hauzuii chochote hapa.

Kioo na akriliki (plastiki angavu inayofanana na kioo) visitumike kabisa, hata kwa kidirisha kidogo cha kuchungulia. Vikigongwa vinapasuka, na sasa una vipande vyenye ncha kali ndani ya eneo la kazi. Ukitaka kidirisha, polikaboneti, plastiki angavu isiyopasuka kirahisi, ndiyo inayovumilia. Kwa kawaida hakihitajiki, kwa sababu mwendeshaji anasimama upande ulio wazi.

Vitu vingine vya kuwa navyo: mbao za sentimita 5 kwa 5 za fremu na miega, skrubu za milimita 40 na nyingine za milimita 80 hadi 100, washa pana (visahani vya chuma vya kuweka chini ya vichwa vya skrubu), bolti za milimita 10 na nati zake, vipande vya mpira vya upana wa sentimita 20, kamba au mnyororo mwembamba, na magunia ya mchanga ya kilo 15 hadi 20. Vifaa vya mkono ni msumeno, drili, bisibisi na futi ya kupimia.

Kutengeneza paneli

Paneli nne zinatosha kwa kisiki kimoja cha kawaida: mbili za mbele na moja kila upande. Maelezo yafuatayo ni ya paneli moja.

Hatua ya 1. Kata mbao nne za fremu zilingane na ukubwa wa plaiwudi: mbili za wima zenye urefu wote, mbili za mlalo zinazoingia kati yake. Toboa tundu dogo la kutangulia kabla ya kupiga skrubu ndefu kwenye pembe, la sivyo mbao zitapasuka mwishoni. Ongeza mbao ya tano katikati, wima, kama plaiwudi yako ni ya milimita 9.

Hatua ya 2. Laza plaiwudi juu ya fremu na uifunge kwa skrubu za milimita 40, moja kila sentimita 20. Angalia upande: fremu iwe nyuma, mbali na kisiki. Kitu kikigonga plaiwudi kinaisukuma kwenye fremu, na fremu inabeba. Ukigeuza, kila pigo linajaribu kuzing'oa skrubu.

Hatua ya 3. Funga ubao wa sentimita 5 kwa 5 kwenye ukingo wa juu, upande wa kisiki, kutoka mwisho hadi mwisho. Huu ndio unaotenganisha pazia, yaani zulia au mpira utakaoning'inia, na plaiwudi. Bila nafasi hii zulia linalala moja kwa moja juu ya plaiwudi na halina pa kurudi nyuma, na utakuwa umepamba ukuta tu.

Hatua ya 4. Ning'iniza zulia au mpira kwenye ubao huo. Weka ukingo wa juu wa zulia juu ya ubao, ufunike kwa kipande chembamba cha mbao, kisha upige skrubu zenye washa kupitia vyote vitatu kila sentimita 15. Skrubu peke yake hupenya zulia na kuliachia siku ya pili. Upande wa chini usifungwe. Ukate sentimita 2 au 3 juu ya ardhi ili uweze kubembea. Kama unatumia mpira mgumu usiobembea ukiwa kipande kimoja, uchane vipande vya wima vya upana wa sentimita 25 na uvipishane sentimita 5.

Hatua ya 5. Ziba chini. Ukiruka hatua hii, zote zilizotangulia ni bure. Vibanzi vingi na karibu mawe yote husafiri chini, karibu na ardhi, na ardhi ya uwanja haijanyooka. Funga ukanda wa mpira wa sentimita 20 kwenye ukingo wa chini wa plaiwudi, upande wa kisiki, sentimita 12 hadi 15 zikiwa juu ya ukingo na zilizobaki zikishuka chini yake. Paneli ikisimama, ukanda ujikunje na kulala ardhini ukielekea ndani. Takataka zikirundikana juu yake zinaukandamiza zaidi, na pengo linazidi kuzibika lenyewe.

Hatua ya 6. Weka miega miwili nyuma. Tumia mbao za sentimita 5 kwa 5 zenye urefu wa mita 1.15. Ukifunga kila mwega kwa bolti moja kwenye mbao ya wima ya fremu, sentimita 90 kutoka chini, mguu wake utakanyaga ardhi sentimita 70 hivi nyuma ya paneli. Unganisha miguu ya miega miwili kwa ubao wa mlalo, kwa sababu gunia la mchanga litakalia hapo. Funga pia kamba au mnyororo kutoka kwenye ubao huo hadi chini ya fremu, ili miega isifunguke zaidi ya sentimita 70. Kwa kuwa bolti ni moja kila upande, miega itakunjika na kulala mgongoni mwa paneli wakati wa kuhifadhi.

Hatua ya 7. Lainisha kingo kwa msasa na uangalie kwamba hakuna ncha ya skrubu iliyotokeza upande wa kisiki. Ukipenda kuipaka rangi, paka plaiwudi nzima, hasa ukingo wa chini. Unyevu huingilia hapo na tabaka huanza kuachana.

Kwa nini gunia la mchanga haliepukiki

Paneli ya mita 1.2 kwa 1.2 ni tanga. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, ambao unatikisa matawi madogo ya miti, unaisukuma kwa nguvu ya karibu kilo 10. Ukitoka upande wa kisiki, unaikandamiza kwenye miega, na hapo hakuna shida kubwa. Ukitoka nje, unaisukuma iangukie ndani, kwenye gurudumu na kwenye mashine yako. Miega haisaidii kitu katika mwelekeo huo. Kinachoishikilia paneli ni uzito uliokaa kwenye ubao wa nyuma na kamba inayouunganisha na fremu. Kilo 15 zinahimili upepo huo. Upepo ukiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne, na hakuna gunia la busara litakalotosha.

Kama ardhi ni laini, ongeza nondo mbili za nusu mita zilizopigiliwa nyuma ya ubao wa miega na kufungwa kwa kamba. Kabla ya kupigilia chochote hakikisha unajua mabomba na nyaya zinapita wapi. Uliza wanaozimiliki waje kuweka alama. Lazima ufanye hivyo hata hivyo kwa ajili ya kusaga kwenyewe. Siku yenye dhoruba za ghafla, ahirisha kazi.

Toleo la haraka la wavu

Pale ambapo nyuma ya kisiki kuna bustani ya maua au bwawa la kuogelea na hofu yako ni uchafu tu, fremu ya mbao yenye kimo cha mita 1.8 iliyovikwa wavu wa kivuli wa tabaka mbili inatosha. Usiukaze kama ngoma, uache ulegee kidogo. Chini uukunje sentimita 30 kuelekea ndani na uulalie kwa mbao nzito. Uweke mita 2 au zaidi kutoka kwenye mashine. Wavu ukivutwa na gurudumu hakuna mkono utakaoutoa kwa wakati. Hata hapa, kama kuna jiwe la kuogopwa, paneli ya chini isimame mbele ya wavu: paneli inashika kilicho chini na kizito, wavu unashika kilicho juu na chepesi. Mpangilio huu wa pamoja ndio ninaouchagua karibu na nyumba.

Robota za nyasi kavu zilizopangwa mstari mmoja pia hufanya kazi nzuri kwa upande wa chini, kwa sababu zinameza jiwe badala ya kulirudisha. Zisiwe karibu na bomba la moshi. Mbao za kubebea mizigo, zile zenye mianya, zinafaa kama mifupa tu. Mianya yake lazima ifunikwe kwanza.

Kuandaa kisiki na eneo

Kizuizi bora zaidi dhidi ya jiwe ni kulitoa jiwe. Chimba kuzunguka kisiki kwa sululu na beleshi, kina cha sentimita 10 hadi 15, ukifuata mizizi mikubwa inakoelekea. Mawe hupenda kukaa kwenye panda za mizizi. Mengine yamemezwa na mti ulipokuwa ukinenepa, na utayaona yakichungulia kwenye gamba. Yang'oe kwa mtaimbo. Sugua gamba kwa brashi ngumu ya waya au lioshe kwa maji ya mpira. Kama mti uliwahi kuwa nguzo ya ua, tafuta misumari na waya uliozama ndani. Kifaa cha kutambua chuma kinasaidia sana hapa.

Kokoto za njia au za bustani ziondolewe kwa reki umbali wa mita 2 pande zote. Hakuna kazi ya kuchosha kuliko kuchambua vibanzi kutoka kwenye kokoto, na hakuna risasi rahisi kuliko kokoto chini ya gurudumu.

Kunyunyizia kisiki maji kidogo kabla ya kuanza hupunguza vumbi. Kiasi tu cha kulowanisha. Matope hujaza pazia la mpira na kuteleza chini ya viatu.

Kwenye nyasi unazotaka kuzihifadhi, tandika turubai katika njia ya takataka, lakini liishie angalau mita moja kutoka kwenye gurudumu na matairi ya mashine, na kingo zote zilaliwe kwa mbao. Sehemu iliyo karibu zaidi ifunike kwa plaiwudi kuukuu iliyolazwa chini. Haipeperuki, na haivutwi.

Kusimamisha vizuizi

Panga paneli katika umbo la herufi U, uwazi ukiwa upande wako. Kabla ya kuziweka, leta mashine ikiwa imezimwa mahali pake na uipeleke kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho, kisha mbele kadiri itakavyokwenda mwishoni mwa kazi. Weka alama. Paneli zikae angalau sentimita 60 nje ya alama hizo, na mita moja ni bora kama nafasi ipo. Karibu kuliko hapo, pazia linalobembea linaweza kukutana na meno. Mbali sana, vibanzi vitaanza kupita juu.

Pembe ndizo zinazovuja. Usikutanishe paneli ukingo kwa ukingo, zipishane sentimita 10, na mpishano uwe kwa namna ambayo takataka zinazotoka nyuma ya gurudumu hupita juu ya mwanya badala ya kuingia ndani yake. Funga paneli jirani kwa kamba fupi katika sehemu mbili, juu na chini. Bawaba ni nzuri zaidi kama utazitumia paneli mara kwa mara.

Usifunge upande wa nne. Unahitaji njia ya kurudi nyuma bila kugeuka wala kuruka kitu. Kama nyuma yako kuna kitu ambacho lazima kilindwe na haikuwezekana kugeuza mashine, simamisha paneli mita 3 au 4 nyuma yako, kimo kile kile cha mita 1.2, na uache njia pande zote mbili. Wala usiweke paa. Injini ya petroli inatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, na kibanda cha turubai kinaikusanya pale pale unapovuta pumzi.

Dirisha lililo karibu lilindwe peke yake pia. Egemeza plaiwudi ukutani juu ya vipande vya mbao au sponji, ili isiguse kioo. Plaiwudi iliyolala juu ya kioo hupitisha pigo lote.

Wakati wa kusaga

Vaa miwani ya usalama na juu yake ngao ya uso, vizuia kelele vya masikioni, barakoa ya vumbi, buti zenye ncha ya chuma na suruali nene. Mikono mirefu inayoning'inia, skafu na kamba za kofia vibaki ndani.

Washa, acha gurudumu lifikie mwendo wake kamili kabla halijagusa mti, kisha anza na ukingo wa kisiki. Shusha sentimita 2 hadi 3, peleka pembeni taratibu, rudi, shusha tena. Mikato minene haiharakishi kazi sana, inarusha vipande vikubwa na kuitikisa mashine.

Baada ya sekunde 15 au 20 za mwanzo, zima. Subiri gurudumu lisimame kabisa, maana huendelea kuzunguka kwa muda baada ya kuachia klachi. Nenda uone vibanzi vimeangukia wapi. Kama kuna mstari wa vibanzi nje ya paneli ya kulia, mpishano wa pembe umeelekea vibaya. Kama vimepita juu ya paneli ya mbele, isogeze karibu hadi mpaka wa sentimita 60, au ongeza wavu nyuma yake. Kama vimetoka chini, ukanda wa mpira haujalala. Ujaze pengo kwa udongo au gunia nusu la mchanga. Rekebisha sasa, kwa sababu mikato ya juu ndiyo inayorusha zaidi na bado iko mbele yako.

Paneli haiguswi gurudumu likizunguka, hata kama imeinama. Zima, subiri, kisha isimamishe. Ukilazimika kukagua meno, chomoa waya wa plagi ya cheche kwanza.

Rundo la vibanzi litakua haraka kuliko unavyodhani. Kisiki cha kipenyo cha sentimita 50 kikisagwa kina cha sentimita 30 ni lita 59 za mti mgumu, lakini ukishasagika na kuchanganyika na udongo unajaza mara mbili hadi tatu ya hapo: lita 120 hadi 180. Usiliondoe lote kila mara. Acha tuta kati ya shimo na paneli, kwa kuwa linapokea mawe vizuri kuliko paneli. Ondoa tu linalokuzuia kuona meno yanapogusa mti, na lolote linalokaribia bomba la moshi, kwani unga mkavu wa mbao hushika moto.

Sauti ikibadilika ghafla na kuwa ya chuma au ya mgongano mkali, simama. Chimba kwa mkono uone ni nini. Kishindo kimoja kinaweza kuvunja jino, na ncha ya kabaidi iliyovunjika ni kombora zito kuliko kokoto.

Kina cha sentimita 10 hadi 15 chini ya ardhi kinatosha kama utapanda nyasi. Kwa kupanda mti au ua wa miti, nenda 30 au zaidi.

Kusafisha na kuhifadhi

Anza kwa paneli kabla ya rundo. Zikung'ute zikiwa zimesimama mahali pake, ili kilichonasa kwenye zulia kianguke ndani ya eneo. Kisha zikunje na kuzitoa, uvute vibanzi kwa reki kuelekea katikati, na mwisho uinue turubai kwa pembe zake nne. Toroli mbili hivi zitakwenda kwa kisiki cha mfano wetu. Vibanzi vyenyewe ni matandazo mazuri kuzunguka miti mikubwa, lakini visijazwe shimoni mahali utakapopanda: vikioza hudidimia na kuchukua naitrojeni ya udongo wakati mimea inaihitaji. Jaza udongo.

Kabla ya kuziweka stoo, kagua uso wa kila paneli. Matundu na michubuko yanaonyesha kimo halisi ambacho mawe yalipiga. Zulia lililotoboka likatwe na kugeuzwa juu chini, upande uliokuwa juu kwa kawaida huwa mzima. Plaiwudi iliyopasuka tabaka moja inaweza kutumika upande wa pembeni, ila iliyopenya hadi nyuma itupwe. Kaza bolti za miega, ukaushe ukanda wa mpira, uzisimamishe paneli juu ya vipande vya mbao ili ukingo wa chini usiguse sakafu yenye unyevu, na umwage mchanga wa magunia yaliyoanza kuoza kwa jua.